Kasa Mzazi na Sisi Wageni Wake: Adabu za Ufuoni kwa Familia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SWT), Muumba wa bahari na vyote viishivyo ndani yake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu Waislamu, Pwani yetu imejaaliwa neema ambayo wenzetu wa bara husafiri usiku kucha kuja kuiona, ilhali sisi tunaifikia kwa miguu. Siku za Idi watu hujaa Pirates na Nyali, Malindi na Shela. Likizo za shule za Aprili na Agosti familia hubeba mikeka, chupa za chai, mahamri na viazi karai, watoto wakaoga baharini mpaka midomo ikatetemeka, na wakubwa wakabaki kupunga upepo hata baada ya Isha. Hayo si mabaya. Kuwafurahisha watoto na kuwatoa watu wa nyumbani ni katika wema, maadamu sitara imehifadhiwa na sala imesaliwa kwa wakati wake.

Ila upo mpaka mmoja usiotajwa sana tunapopanga matembezi hayo, nao ni haki ya mwenye nyumba. Ufuo una wenyewe. Miongoni mwa wenyewe hao ni kasa, ambaye alikuwa akipanda katika mchanga huu kabla ya babu zetu kujenga msikiti wa kwanza wa mawe. Na miezi yetu ya likizo ndiyo pia miezi yake. Katika pwani ya Kenya kasa hutaga karibu mwaka mzima, lakini wengi hupanda kuanzia mwisho wa kaskazi hadi kusi inapokolea, na mayai yao huanguliwa takriban miezi miwili baadaye. Kwa hivyo saa yetu ya kupunga upepo mara nyingi huwa ndiyo saa yake ya kujifungua. Tunataka kueleza hapa namna ya kukutana naye bila ya kumdhulumu.

Mzazi arudiye kwao

Katika bahari ya Kenya huonekana aina 5 za kasa, na 3 kati yao ndio watagao katika fukwe zetu: kasa wa kijani, ambaye ndiye mwingi zaidi, ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka kama wa mwewe na gamba la madoa, na kasa mmoja mdogo ambaye rangi yake hushabihi zeituni. Hupanda Kiunga na visiwa vya Lamu, Malindi na Watamu, Shanzu na Bamburi, na kusini huko Diani, Msambweni na Funzi.

Ada ya wanawake wetu wengi ni kurudi kwa mama zao kujifungua mtoto wa kwanza. Msichana aliyeolewa Mombasa hurejea kwao Lamu au Faza, akalelewa mpaka arubaini ikatimia. Kasa naye ameumbwa na ada kama hiyo. Kasa wa kijani hukawia miaka 20 na zaidi kabla ya kupevuka, na katika miaka hiyo huogelea mbali mno. Unapowadia wakati wa kutaga, hurudi katika pwani ile alikoanguliwa mwenyewe. Wataalamu wanasema huongozwa na nguvu za sumaku za ardhi, ambazo huzihifadhi tangu utotoni kama anwani ya nyumba. Subhanallah! Kiumbe asiyelelewa na mama wala baba, amewekewa ramani katika maumbile yake.

Hupanda usiku. Baharini ni mwepesi kama ndege angani, lakini juu ya mchanga ni mzito, hujikokota na kupumzika, hujikokota na kupumzika. Akifika juu ya alama ya maji makuu hufukua mchanga, kisha huchimba shimo refu kwa mapezi ya nyuma, asilione hata mara moja. Humo hutaga mayai 100 hivi, pengine na zaidi, meupe na ya mviringo kama mipira midogo ya kuchezea mezani. Hulifunika shimo, huurusharusha mchanga ili kuficha mahali penyewe, kisha hurudi majini. Kazi hiyo humchukua saa moja au mbili. Baada ya wiki 2 hivi hupanda tena, na huenda akarudia mara kadhaa katika msimu mmoja. Halafu hukaa miaka 2, 3 au 4 bila ya kutaga. Usiku mmoja aliovurugiwa, basi, si jambo dogo kwake.

Wazee wetu waliomwona akitaga walisema kuwa hulia kwa uchungu wa uzazi, kwani hakika machozi humtoka. Wataalamu wamebainisha kuwa machozi yale ni njia yake ya kutoa chumvi ya maji ya bahari mwilini, na humtoka hata akiwa majini. Kauli hii haipunguzi huruma ya wazee. Uzito wa kazi ile unaonekana kwa macho.

Jambo ambalo kila familia inapaswa kulijua ni hili: kabla ya kuanza kutaga, kasa ni mwoga kupita kiasi. Mwanga wa simu, mtu aliyesimama mbele yake, mtoto akimbiaye au kelele za redio humrudisha baharini na mayai yake tumboni. Akirudishwa mara kwa mara, hulazimika kutafuta mahali pengine, na huenda mahali hapo pakawa chini mno, pafikiwapo na mawimbi, mayai yakaharibika yote.

Sisi tunajua namna nyumba inavyokuwa mwanamke akishikwa na uchungu. Wanaume hutoka nje. Watoto hupelekwa kwa jirani. Taa hupunguzwa, sauti hupunguzwa, na huingia mkunga tu na yule anayehitajiwa. Hakuna ajaye na tochi kummulika mzazi usoni, wala aitaye majirani waje kupiga picha. Kama adabu hiyo tunayo nyumbani, hatuna haja ya kufundishwa upya. Tunachotakiwa ni kuibeba tu tukaenda nayo ufuoni.

Vitoto na nuru

Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi. Kinachoyatamia ni joto la mchanga wenyewe, na joto hilo hilo ndilo litambulishalo jinsia: mchanga ukiwa na joto zaidi hutoka majike wengi, ukiwa baridi kidogo hutoka madume wengi. Kwa sababu hii kuwasha moto wa kuchomea nyama juu ya mchanga wa juu ufuoni si jambo salama, kwani hujui kilicholala chini yake.

Na mwenye kufukua mayai kwa udadisi, akayageuza geuza na kisha akayarudisha, asidhani amerekebisha. Muda mfupi baada ya kutagwa, kitoto kilichomo huanza kujishikiza upande wa juu wa ganda. Yai likigeuzwa hapo, kitoto hufa, nalo kwa nje likaonekana zima kabisa.

Vitoto huanguliwa pamoja, huupanda mchanga kwa kusaidiana, na hutoka usiku baada ya mchanga kupoa. Hapo kila kimoja hutafuta bahari, na alama yao ni nuru. Katika ufuo usio na taa, upande wenye mwanga ni ule wa maji, yanayorudisha nuru ya mwezi na nyota, na upande wa nchi kavu una kiza cha miti na vilima vya mchanga. Kwa maelfu ya miaka dalili hiyo haikuwadanganya. Leo iko mikahawa, nyumba za likizo, taa za barabarani, moto wa kambi na tochi za simu zetu. Kitoto chenye urefu wa kidole hugeuka, kikaelekea kwenye taa, kikazunguka mchangani mpaka nguvu zikamwishia, na asubuhi kunguru na kaa wakakimaliza au jua likakikausha.

Wataalamu hukadiria kuwa katika vitoto 1,000 ni mmoja tu, na pengine hata si mmoja, afikaye utu uzima. Hesabu hiyo imepangwa na Muumba ili samaki, ndege na kaa nao wapate riziki yao. Lakini haikupangwa ndani yake taa zetu, nyavu zetu na mifuko yetu ya plastiki. Tukiongeza sisi mauti juu ya mauti hayo, huyo mmoja naye hukosekana.

Dini inatuambia nini

Qurani Tukufu, katika Surat Al-An'am, imetufahamisha kuwa wanyama watembeao ardhini na ndege warukao ni umma kama tulivyo sisi, na kwamba kwa Mola wao watakusanywa. Na katika Surat Hud tumefahamishwa kuwa hakuna kiumbe ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu, Naye anajua mahali pake pa kukaa na mahali pake pa kuhifadhiwa. Mwenye kuzingatia aya hiyo, kisha akasimama juu ya mchanga wenye mayai 100 yaliyofichwa na mama aliyekwisha kwenda zake, atahisi kuwa amesimama mbele ya amana iliyo mikononi mwa Mwenyewe.

Iko pia hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Abdullahi bin Masud (RA). Maswahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (SAW), wakamwona ndege mdogo aliyekuwa na makinda mawili, wakayachukua makinda yale. Mama yao akaja akitandaza mbawa na kuhangaika. Mtume (SAW) alipofika na kuiona hali ile, akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege yule kwa ajili ya wanawe, na akaamrisha makinda yarudishwe kwa mama yao.

Tazameni, ndugu zetu. Waliochukua walikuwa ni maswahaba, si watu waovu. Huenda walivutiwa tu na uzuri wa makinda, kama mtoto wetu avutiwavyo na kitoto cha kasa akataka kukitia katika ndoo. Hawakulaumiwa kwa maneno makali, lakini kitendo kilirekebishwa papo hapo: rudisheni. Tena uchungu wa mama, hata akiwa ndege, ulihesabiwa kuwa ni uchungu. Hii ndiyo kanuni yetu. Na ndege yule aliweza kuja kuyalilia makinda yake. Kasa hawezi, kwa kuwa amekwisha rudi baharini. Basi wa kumsemea ni sisi.

Tunajua vilevile habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, na ya yule aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Na Mtume (SAW) aliufanya mji wa Madina kuwa na eneo lisilowindwa wanyama wake wala kukatwa miti yake. Kutenga mahali kwa ajili ya viumbe si fikra iliyoletwa na watalii. Ni jambo lililomo katika dini yetu tangu karne ya kwanza ya Hijria.

Jirani zetu wa Pemba wametupa mfano. Magharibi ya Pemba kiko kisiwa kidogo cha Misali, ambako kasa wa kijani na ng'amba hutaga. Wazee wa huko husimulia kuwa Nabii Khidhri (AS) alifika akataka msala wa kusalia, akaambiwa hapana, naye akasema kuwa kisiwa kile, kilivyoelekea Kibla, kitakuwa ndio msala wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Misali ilifanywa eneo la hifadhi, na masheikh wakashirikishwa kuwaeleza wavuvi, kwa Qurani na Hadithi, kuwa bahari ni amana. Neno lililotoka kwenye mimbari lilifika mahali ambapo kibao cha serikali peke yake kisingefika.

Nyama, mayai na mafuta

Swali tunaloulizwa na kina mama baada ya darsa ni hili: je, kasa si halali? Mbona wazee wetu walimla, na mafuta yake wakawanywesha watoto wenye pumu?

Ni kweli kuwa uvuvi wa kasa ni wa kale katika pwani hii. Wavuvi wa Kibajuni walikuwa na hodari wa kumfunga kamba samaki aitwaye chazo, wakamwachia akajigandisha kwenye gamba la kasa, kisha wakavuta. Na magamba ya ng'amba yaliuzwa ng'ambo kwa karne nyingi. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa takriban karne ya 1, kinayataja miongoni mwa bidhaa za pwani yetu. Lakini wazee wale walikuwa wachache, wenye ngalawa na nyavu za kusuka kwa mkono. Leo watu ni wengi, nyavu ni za nailoni, na jarife moja huweza kunasa katika usiku mmoja kasa ambao babu zetu wangewavua kwa muda mrefu.

Ama hukumu ya kumla, wanazuoni wamehitilafiana. Wako waliomhesabu katika vyakula vya baharini vilivyohalalishwa, na wako, hata ndani ya madhehebu yetu ya Imamu Shafi, waliomkataza. Hatukusudii hapa kumaliza hitilafu hiyo. Tunasema tu kuwa hata aliye na kauli ya kumhalalisha, mbele yake yako mambo mawili yanayomzuia.

La kwanza ni madhara. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu itokanayo na vitu alavyo baharini. Haijulikani kwa rangi, wala kwa harufu, wala kwa ladha. Haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Na dawa ya kuiondoa haijulikani. Mnamo Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. 8 kati yao walikuwa watoto, na wa 9 alikuwa mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Kabla ya hapo, Novemba 2021, watu 7 walifariki huko huko Pemba kwa sababu hiyo hiyo, akiwemo mtoto wa miaka 3. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Watoto ndio waathirikao zaidi, na sumu hiyo huweza kupita hata katika maziwa ya mama anyonyeshaye. Kanuni ya sheria yetu iko wazi: hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine. Mama apikaye jikoni ndiye mlinzi wa mwisho wa sahani hiyo, naye atakapoikataa atakuwa amelinda roho za wanawe kwanza, na kasa baadaye.

La pili ni sheria ya nchi. Kasa wamelindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na kumuua, kuuza nyama yake, mayai, mafuta au gamba lake ni kosa. Sheria ambayo haimwamrishi Muislamu kumuasi Mola wake, na ambayo ndani yake iko maslaha ya wote, kuifuata ni wajibu. Kwa mwenye mtoto wa pumu, hospitali iko na dawa ziko, na tunamwomba asiyaache hayo akafuata chupa ya mafuta isiyojulikana ilitoka wapi. Na dada aonyeshwaye kitana au bangili ya gamba la ng'amba, hata ikiwa nzuri namna gani, aseme hapana. Ng'amba ni katika viumbe vilivyo karibu mno kutoweka duniani.

Adabu za familia ufuoni

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Haya ni mambo ambayo baba na mama wanaweza kuwaeleza watoto wakiwa bado garini.

Kabla ya kufika. Uliza wenyeji kama kasa hutaga katika ufuo huo. Ukiona mahali pamezungushiwa vijiti au kamba, au pana kibao, jua hapo pana mayai. Msitandike mkeka juu yake, msichomeke mwavuli, na gari lisishuke mchangani.

Mchana mkiwa hapo. Watoto wacheze chini, pale maji yanapofika na kurudi. Huko mchanga ni mgumu na hauna mayai. Mashimo waliyoyachimba na ngome walizozijenga wazisawazishe kabla ya kuondoka, kwani shimo ambalo kwa mtoto wetu ni la mchezo, kwa kitoto cha kasa ni kaburi. Alama pana mchangani, mfano wa gurudumu la trekta, itokayo majini na kurudi, hiyo ni njia ya kasa aliyepanda usiku. Msiifute kabla ya mlinzi wa ufuo kuiona, wala msiifuate mkafukua.

Takataka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi katika hifadhi na fukwe zilizolindwa tangu Juni 2020. Hata hivyo chupa za soda, vifuko vya kachiri na mabuyu, na mirija ya juisi bado huachwa. Kasa hula yavuyavu, na plastiki ielemayo majini humdanganya. Akiimeza huziba tumbo lake. Kila familia ichukue mfuko wake wa taka, na kilichokuja nasi kirudi nasi. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na bahari ni njia ya viumbe wengi.

Usiku ukiingia. Zimeni tochi, na simu zigeuzwe kifudifudi. Macho huzoea kiza baada ya dakika chache, na mwanga wa mwezi hutosha. Asiyeweza kutembea bila ya taa atumie iliyofunikwa kitambaa chekundu, na aimulike chini. Wenye nyumba na mikahawa inayoelekea bahari wavute mapazia, na taa za nje wazizime au wazielekeze chini katika miezi hii. Viti na vitanda vya jua viondolewe mchangani, visimzuie mzazi njia.

Mkikutana na kasa. Simameni hapo hapo. Ketini chini, nyamazeni, na muwe mbali naye hatua 20 au zaidi, nyuma yake na si mbele. Picha ya kimulimuli isipigwe kabisa. Watoto wasimguse, wasimpande, wasimzingire. Akimaliza, aachiwe njia ya kurudi majini. Kisha mjulisheni mlinzi wa ufuo au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Mkiona vitoto. Hamu ya kuvibeba na kuvitia majini ni ya huruma, lakini si msaada. Mwendo ule mfupi mchangani huvitia nguvu, na ndio wakati wavijuliapo nyumbani kwao. Tufungueni njia, tuzime taa, tuwafukuze kunguru na mbwa, basi. Vikiwa vimeshapotea kuelekea barabarani, aitwe mjuzi wa kazi hiyo.

Kina mama na matumaini

Mambo haya hayataki fedha wala elimu ya juu. Yanataka malezi, na malezi yako mikononi mwa kina mama zaidi ya mikononi mwa masheikh. Mtoto aliyefundishwa na mama yake kuzima tochi ufuoni hatahitaji askari. Walimu wa vyuo nao wanaweza kuitia hadithi ya makinda katika somo la tabia, na mwisho wa muhula wakawapeleka wanafunzi kusafisha ufuo badala ya kucheza tu.

Na juhudi hizi hazipotei bure. Watamu, ambako hifadhi ya bahari iliwekwa tangu 1968, wananchi wenyewe wamekuwa wakilinda mayai ya kasa usiku tangu 1997 kupitia kikundi cha Watamu Turtle Watch, ambacho leo ni sehemu ya shirika la Local Ocean Conservation. Mvuvi aliyenasa kasa wavuni hupiga simu badala ya kuchukua kisu. Hupewa kifuta jasho cha muda wake, na kasa hupimwa, hutiwa alama kwenye pezi, na huachiliwa. Majeruhi hutibiwa kwanza. Maelfu ya kasa wamerudi baharini kwa njia hiyo. Na Oktoba 2025 muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, ulitangaza huko Abu Dhabi kuwa kasa wa kijani ametolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, baada ya miongo mingi ya kulindwa mayai na fukwe zake katika nchi mbalimbali. Ng'amba bado hajafika hapo. Lakini habari hiyo inatuonyesha kuwa mwanadamu akiacha kudhuru, rehema za Mwenyezi Mungu huziba pengo.

Zingatieni pia urefu wa umri wake. Kitoto kitakachofika majini msimu huu, kikijaaliwa uhai, kitarudi kutaga wakati ambapo binti zetu walio chuoni leo watakuwa wameshakuwa mama. Mchanga watakaoukuta, ukiwa na kiza na usafi au ukiwa na taa na taka, ndio tutakaowaachia sisi, wao na yeye.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SWT) atujaalie kuwa katika wenye kurehemu walio ardhini ili naye aturehemu, azihifadhi familia zetu nchi kavu na baharini, awarehemu ndugu zetu wa Panza waliotangulia, na awape subira walioachwa. Amin, ya Rabbal Alamin. Wallahu aalam.